Mars kwenye Shamba la Mama

Watu wa Walikale hawajui thamani ya kijiti. Nasema hivi kwa upendo, maana nimeolewa kwao na nimewazalia watoto wawili, lakini ukweli usemwe. Hapa msitu unaanzia nyuma ya jiko. Mtu akitaka mti ananyoosha mkono tu, na akimaliza kazi yake anautupa motoni. Juzi nilimkuta jirani yangu anapikia sombe, majani ya muhogo, kwa miti mizuri, iliyonyooka, mirefu kuliko mimi, na magome yake bado yapo. Moshi uliponifikia nilisimama palepale na ndoo yangu kichwani. Ilikuwa harufu ya mti uliolala kwenye udongo wenye mvua, na mimi harufu hiyo nimelelewa nayo.

"Mama Neema," nikamwambia, "unachoma miti ya maharagi hivi hivi?"

Akaniangalia kama mtu anayetaka kunipeleka hospitali. "Miti ya maharagi njo nini?"

Basi nikakaa, nikamweleza, sombe ikaiva, nikaendelea kumweleza. Nilipofika nyumbani niliona kwamba sijamaliza, ndiyo sababu naandika.

Kwetu ni Nyabiondo, juu kwenye Masisi, na maharagwe ya kwetu hayatambai chini. Yanapanda. Usipoyapa mti wa kupandia yanaangukia tope na kuoza. Na milima yetu ilinyolewa zamani, imebaki malisho na mashamba, kwa hiyo mti ulionyooka haupatikani hivi hivi. Unarithiwa. Mama alihifadhi yake chini ya upenu wa nyumba, mafungu kwa mafungu, imefungwa kwa kamba za mgomba. Kila baada ya mavuno aliing'oa, akaikung'uta udongo, akairudisha mahali pake. Kulikuwa na miti iliyoanza kazi kabla mimi sijazaliwa. Ukivunja mmoja kwa mchezo, jioni ile ulikula bugali wako bila mboga, na hakuna aliyekuonea huruma.

Sasa fikirini ilivyokuwa siku ile dada yangu Riziki alipomwendea Mama na kumwomba miti thelathini na mitano, tena ya kusimamishia sayari.

"Mars njo nani?" Mama akauliza.

"Njo nyota, Mama. Ile nyekundu inatokea kule jua ikitua huku."

"Na iko na lazima ya miti yangu juu ya nini? Kule juu hakuna miti?"

Dada Riziki alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa mwisho. Alinizidi miaka kumi. Ndiye aliyenibeba mgongoni Mama akienda shambani, na tulilala kitanda kimoja, blanketi moja, kwa sababu usiku wa Masisi una baridi na mimi nilikuwa na miguu ya barafu. Aliniita Kadogo. Kwa kifupi nilikuwa na mama wawili, na yule wa pili ndiye niliyemwogopa kidogo na kumpenda zaidi. Mama mwenyewe alilijua hilo na hakulionea wivu.

Prof wao wa hesabu, mtu mwembamba aliyekuwa na chaki mpaka kwenye nyusi, alikuwa amewapa wanafunzi wa mwisho kazi moja. Waoneshe jinsi umbali kati ya Dunia na Mars unavyobadilika, mwezi kwa mwezi, na waueleze mpaka mtu ambaye hakusoma aelewe. Wakaguzi wangekuja kusikiliza. Mmoja tu, atakayeeleza vizuri kuliko wote, angepokelewa Goma kwenye nyumba ya masista, akae huko, asome chuo kikuu bila kuomba kitu nyumbani. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba Riziki asipochaguliwa basi. Lakini hata mimi, mtoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, nilijua kwamba nyumba yetu haikuwa na uwezo wa kumpeleka popote.

Mama alitoa miti. Alitoa kwa masharti. Kulikuwa na shamba la chini lililopumzishwa, na mvua zilikuwa zimeanza. Akasema sayari zisimame huko, na chini ya kila mti yeye atapanda maharagwe yake.

"Kila muti itafanya kazi mbili," akasema. "Mars yako ilale njaa kama inapenda. Mi sitalala njaa."

Majirani walicheka sana. Kwetu mtu hupanda kwanza, maharagwe yakiota ndipo anasimamisha miti. Hapa miti ilitangulia, tena haikusimama kwa mistari. Ilisimama kwa mviringo. Katikati ulikuwepo mti mnene wa kumfungia ng'ombe wetu, na huo ndio uliokuwa Jua. Dada alichukua kamba ya ng'ombe, akapima hatua kumi kutoka kwenye Jua, akazunguka akichora chini kwa kisigino. Hiyo ikawa njia ya Dunia. Akapima hatua kumi na tano, akazunguka tena. Hiyo ikawa njia ya Mars. Kwenye njia ya Dunia akasimamisha miti kumi na miwili, mmoja kwa kila mwezi, kwa kuwa Dunia inazunguka kwa mwaka. Kwenye njia ya Mars akasimamisha ishirini na mitatu, kwa kuwa Mars ni mvivu, inahitaji karibu miezi ishirini na mitatu kufunga mzunguko mmoja. Kila mti wa Mars aliufunga kitambaa chekundu kutoka kwenye kitenge cha Mama kilichochakaa.

Kamba ikiwa kazini, ng'ombe alibaki bila kamba. Kwa hiyo Papa alimshika. Ndiyo kumbukumbu yangu ya Papa ninayoipenda kuliko zote: amesimama kwenye ukungu wa saa kumi jioni, kofia imeshuka, ameshika pembe ya ng'ombe kwa mkono mmoja, saa nzima, bila kulalamika.

"Imefika wapi?" anauliza kila mara.

"Hatua kumi na mbili, Papa."

"Iko mbali," anasema, na ng'ombe anapumua.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwa Mars.

"Juu ya nini mi njo Mars?" niliuliza. Nilitaka kuwa Dunia, kwa kuwa Dunia haikuwa na kitambaa kilichochakaa.

"Sababu Mars iko ndogo, nusu ya Dunia tu. Na iko nyekundu kama mapua yako ikiwa na baridi. Simama pale."

Nilisimama kwenye mti wa kwanza wa Mars nikishika ncha ya kamba, naye akasimama kwenye mti wa kwanza wa Dunia. Tulitazamana kwa hatua tano tu. Huo ndio ulikuwa mwezi wa karibu kabisa. Kamba ilikuwa na mafundo, fundo moja kila hatua, na yeye ndiye aliyeyafunga. Kisha alisema "mwezi wa pili", tukasogea wote wawili, yeye mti mmoja na mimi mti mmoja. Lakini miti yake ilikuwa imeachana kwenye mduara wake na yangu ilikuwa imebanana kwenye wangu, kwa hiyo alianza kunitangulia. Mwezi wa tatu alinitangulia zaidi. Upepo wa mlimani ukivuma hatukusikilizana, hivyo tulizungumza kwa mikono. Mkono mmoja wazi, vidole vitano, ulikuwa hatua tano. Mikono miwili, kumi. Tukifika mbali alilazimika kuinua mikono yote miwili, kuiangusha, kuiinua tena, kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama, na mimi nilicheka mpaka naangusha kamba.

Usiku aliandika kwenye kaye yake, daftari la hesabu. Kulikuwa na safu mbili: kile kamba ilichosema, na kile hesabu ilichosema. Hesabu ilitoka kwenye kanuni ndefu yenye neno *kosinusi*, neno lililonitisha, nikadhani ni ugonjwa. Lakini safu mbili zilipopatana alinibusu kichwani. Nilijua basi kwamba kosinusi si ugonjwa mbaya.

Ubaya ulianzia mwezi wa kumi na tatu. Siku tuliyoufikia, nilikuwa ng'ambo kabisa ya shamba, yeye ng'ambo ya huku, na kati yetu ule mti mnene, Papa na ng'ombe. Mikono yake ilipanda mara mbili na nusu. Hatua ishirini na tano. Sikumwona uso vizuri.

"Hapa njo mwisho," aliniambia tulipokuwa tunakunja kamba. "Mwezi wa kumi na tatu Mars iko nyuma ya jua. Hata ukitafuta, hautaiona."

Jioni ile ile nilimsikia Mama jikoni akimwambia Papa, "Riziki akichaguliwa atafika Goma mbele ya mwaka kwisha. Nyumba itakuwa kubwa, baba Riziki."

Mtoto hujumlisha kwa namna yake. Mimi nilikuwa Mars. Riziki alikuwa Dunia. Miti ilikuwa inasema kwamba tutatengana mpaka hatutaonana, na aliyesimamisha miti ni Riziki mwenyewe. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba alivyosimamisha miti ndivyo namba zilivyotoka. Kwa hiyo sikuwa na shaka: miti ndiyo iliyoamua. Kama Mars kwenye shamba haiendi mbali, basi Mars ya juu haitakwenda mbali, na Goma haitakuwepo. Leo nacheka. Siku zile sikucheka, nilikuwa na kazi ya kufanya.

Nilianza kesho yake, saa Dada anapokwenda kuchota maji na Mama yuko shamba la juu. Nilichagua miti ya upande wa mbali, kuanzia wa kumi mpaka wa kumi na sita, nikaisogeza ndani, nusu hatua tu. Siku iliyofuata nusu hatua nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Niliing'oa kwa mikono miwili, nikaichomeka, nikaipiga kwa jiwe, nikakimbia kunawa. Katika wiki moja nilikuwa nimeivuta Mars hatua tatu nzima karibu na jua, na nilijiona fundi mkubwa.

Dada alikuwa akipima upya kila jioni ili azoee kabla wakaguzi hawajaja. Basi kamba ikaanza kugombana na hesabu. Hesabu ilisema ishirini na tano, kamba ilisema ishirini na nne. Baada ya siku mbili ishirini na tatu. Mwishoni ishirini na mbili. Alikaa kando ya taa akitafuna kalamu. Alianza kanuni upya ukurasa mzima, akaupasua. Alimwendea Prof, na Prof akamwambia hesabu ni sawa, akaangalie shamba lake. Akalirudia shamba, akapima, akaandika ishirini na mbili, akafunga kaye. Nilimwona anakonda. Blanketi moja lina ubaya wake: nilisikia kila alipogeuka.

Hapo ndipo furaha yangu ilipoanza kuniwasha. Nilitaka abaki, sikutaka aumie. Sikujua bado kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukataa kukaa nyumba moja.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho kwa sababu ya maharagwe. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama alipanda mbegu chini ya kila mti. Mbegu haionekani, na mimi nilikuwa na shughuli na vitu vinavyoonekana. Siku mbili kabla ya wakaguzi, baada ya mvua ya usiku, Mama alishuka shamba la chini na jembe lake begani. Tulisikia sauti yake mpaka nyumbani.

"Nani amenihamishia shamba? Riziki! Kadogo! Mukuje muone!"

Tulikimbia. Maharagwe yalikuwa yameota, majani mawili mawili, ya kijani kibichi, na matone ya maji juu yake. Yaliota kwa mviringo mzuri kabisa, duara la Dunia na duara la Mars, kama Dada alivyochora. Isipokuwa upande wa mbali. Kule maharagwe saba yalisimama peke yake bila mti, yakitafuta kwa shingo zao ndogo, na hatua tatu ndani miti saba yenye vitambaa vyekundu ilisimama bila maharagwe.

"Miti imetembea?" Mama akasema. "Ao maharagi njo imetembea?"

Nilikimbia. Nilijificha nyuma ya nyumba, chini ya upenu, kati ya mafungu ya miti iliyobaki, pale penye harufu ile ile iliyonisimamisha juzi hapa Walikale. Nilisubiri kupigwa. Aliyekuja ni Riziki. Aliinama, akaingia, akakaa karibu yangu kwenye vumbi na sketi yake ya shule.

"Kadogo. Njo we?"

"Njo mi."

Hakushangaa vile nilivyotegemea. Nilidhani ni uchovu.

"Juu ya nini?"

Nikamwambia yote, kwa kilio, kamasi zikishiriki. Kwamba sitaki aende nyuma ya jua. Kwamba nilifikiri nikivuta Mars, na yeye atabaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipangusa kwa kiganja.

"Miti haivutake nyota," alisema taratibu. "Nyota inapita njia yake, sisi tunafwata nyuma na miti yetu, tunaandika. Hata ungeng'oa yote, Mars itaenda tu. Unasikia?"

"Nasikia. Basi utaenda."

"Sijue kama nitaenda. Lakini kuja uone kitu."

Alitoa kaye mfukoni. Mimi nilikuwa nimeona jedwali mpaka mwezi wa kumi na tatu, kwa kuwa shambani alikunja ukurasa hapo. Akaukunjua. Jedwali liliendelea. Mwezi wa kumi na nne, namba ilikuwa imepungua kidogo. Wa kumi na tano, kidogo zaidi. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari, nami nikasoma kwa sauti, nikijikwaa: ishirini, kumi na saba, kumi na mbili. Chini kabisa, mwezi wa ishirini na sita: tano.

"Mukono moja," alisema.

"Inarudi?"

"Kila mara. Miaka mbili na miezi mbili, Dunia inazunguka mpaka inaikuta tena."

Tulirudi shambani, tukairudisha miti saba. Hatukupima. Maharagwe yalituonesha mahali pa kila mmoja. Mama alisimama na jembe akituangalia, akasema tu, "Musikanyage mbegu," na kwa Mama wangu huo ulikuwa msamaha mkubwa. Jioni kamba ilisema ishirini na tano.

Wakaguzi walikuja watatu, pamoja na Prof, viatu vya mjini vikiwa vimejaa tope. Wanafunzi wengine walikuwa wameonesha zao darasani, kwenye ubao. Prof ndiye aliyewaleta mpaka kwetu. Papa alivaa koti la misa, akashika ng'ombe. Dada alieleza kwa Kifaransa kwa wakaguzi na kwa Kiswahili kwa Mama, sentensi kwa sentensi. Mkaguzi mmoja alitaka kumkatiza, yule mzee wao akamzuia: kazi ilisema mtu ambaye hakusoma aelewe, na Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Kisha Dada akaniita.

Nilisimama kwenye mti wa kwanza. Dada aliinua mkono mmoja wazi. Hatua tano. "Mwezi wa pili," akasema, nikatembea. Kila mwezi nilitembea, kila mwezi tukanyoosha kamba, nikapaza sauti ya namba nami nikamwona anageuka, anazidi kwenda, mpaka akawa ng'ambo ya ng'ombe. Sijawahi kufanya jambo gumu zaidi kwa miguu yangu mwenyewe. Ningeweza kusimama mti mmoja nyuma. Ningeweza kulegeza kamba. Prof asingeona, wakaguzi walikuwa wanaangalia viatu vyao. Nilifika kwenye mti wa kumi na tatu, nikaivuta kamba ikanyooka sawasawa, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Ishirini na tano!"

Mama alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Alisema ni moshi. Tulikuwa katikati ya shamba.

Dada alichaguliwa. Alifanya mtihani wa Serikali, akafaulu, na alipoondoka maharagwe ya Mars yalikuwa yamepanda, yamechanua, yamevunwa. Mama alimfungia mfuko mzima wa kwenda nao. "Sema kwa masista," alimwagiza, "hii haikutoka kwenye soko." Kwangu Dada aliacha ule ukurasa wa kaye, umekunjuliwa wote.

Sitaeleza sana miaka ile. Barabara ilifungwa kwa ajili ya vita na kufunguliwa, tulihama kwenda Mweso na nusu ya miti mgongoni mwa Papa, tukarudi na robo. Likizo zilipita bila yeye kuweza kufika. Nilifuta mwezi mmoja mmoja kwenye ukurasa, kuanzia ule wa kusimamisha miti, na mwezi wa ishirini na sita, jua lilipotua upande wa msitu, Mars ilipanda upande wa pili, nyekundu, kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Nilikaa njiani jioni saba mfululizo. Hakuja. Niliiambia Mars maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Ile haina barabara ya kufungwa," Mama aliniambia. "Mutu iko na barabara. Kuja ukule."

Alikuja wiki tatu baadaye, kwenye pikipiki, tope mpaka mabegani, na kabla hajashuka nilikuwa nimeshamning'inia shingoni. Nilikuwa nimekua, tulianguka wote wawili.

Siku hizi Riziki ni Prof wa hesabu Mweso, na sasa nyusi zenye chaki ni zake. Mwezi uliopita alikuja kunitembelea hapa Walikale, mara ya kwanza tangu nizae mtoto wa pili. Nilimpeleka nyuma ya jiko nimwoneshe shamba langu dogo. Mume wangu hucheka kwamba nimepanda maharagwe kwa mviringo mara mbili, badala ya mistari kama watu wenye akili. Riziki hakucheka. Alizunguka duara la nje polepole, akigusa mti mmoja mmoja.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Ile wakati. Kama njo we. Nilijua toka siku ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha, Kadogo. Kwa kila muti kulikuwa nyayo mbili ndogo, na kidole kubwa iko inje kama yako."

Nikamwangalia. "Na ulinyamaza?"

"Nilizifuta na muguu yangu, Mama asione. Kila jioni. Halafu napima, naandika ishirini na tatu, ishirini na mbili." Alikuwa anazungumza na mti, si na mimi. "Nilikuwa na woga wa kuenda. Nilisema, wakaguzi wakikuja wakute imeharibika, basi. Haitakuwa mi njo nilikataa. Kama haingekuwa maharagi ya Mama, mi ningebakia."

Miaka yote hiyo nilijua kwamba niliwahi kumwibia dada yangu wiki moja ya usingizi, na nililibeba hilo kama jiwe kwenye kiatu. Kumbe tulikuwa wezi wawili, tunavuta upande mmoja. Nikamwambia anakanyaga mbegu.

Aliondoka asubuhi. Pikipiki ilikuwa inamngoja barabarani, na dereva alikuwa na haraka kwa ajili ya mvua. Nilimfungia maharagwe, nikampa mtoto ambusu, akapanda, wakaanza kushuka kuelekea darajani. Nilisimama na mtoto kiunoni. Walipofika mbali kiasi kwamba sikuona tena rangi ya kitenge chake, kitu cha utotoni kikanipanda, nikapiga kelele mpaka Mama Neema akatoka jikoni kwake na mwiko.

"Ishirini na tano!"

Sikujua kama atasikia, kwa kelele ya ile mashine. Hakugeuka. Aliinua tu mkono mmoja juu ya kichwa chake, vidole vyote vitano vimefunguka, akaushikilia hivyo juu mpaka wakapinda kona.